Mhadhara, matembezi au klabu: ulinganisho wa programu za wanyama na misitu kati ya Gede na Watamu

Mlezi yeyote wa klabu ya wanyamapori katika shule za Kilifi na Malindi analijua swali linalorudi kila muhula: fedha za safari zinatosha mara moja tu, wanafunzi ni wengi, na mwalimu mkuu anataka kujua kabla ya Ijumaa kwamba basi litaelekea wapi. Swali hilohilo huwasumbua viongozi wa vikundi vya akina mama, walimu wa madrasa na wazee wa mtaa wanaotaka kuwapeleka watu wao wakajifunze habari za viumbe wanaoishi nao jirani. Katika kipande kidogo cha pwani ya Kenya, kutoka Gede hadi Watamu, mna msitu mkubwa wa Arabuko-Sokoke, magofu ya mji wa kale, hori lenye mikoko, bahari yenye matumbawe na watu waliozoea kueleza yote hayo kwa wageni. Nimekuwa mlezi wa klabu kwa miaka kumi na miwili na programu hizi zote nimezipitia na vikundi vya namna mbalimbali, kwa hiyo ulinganisho huu unatokana na niliyoyaona, na sitaficha ninakoelemea.

Mhadhara wa ukumbini

Nianze na mhadhara kwa kuwa ndio unaodharauliwa zaidi, hasa na sisi walimu tunaoamini kwamba mtoto hawezi kujifunza habari za mnyama akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mhadhara una nafuu ambazo matembezi hayana. Hauhitaji basi. Unaweza kufanyika baada ya swala ya isha, wakati wavuvi na wakulima wamerudi nyumbani, na mzee ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuingia msituni anapata nafasi yake mstari wa mbele. Wakati wa masika, njia za mchanga zinapogeuka tope, ukumbi wenye bati zima ndio mahali pekee panapofaa.

Tena wapo viumbe ambao ukumbini huonekana vizuri kuliko porini. Bundi wa Sokoke ni mfano mzuri. Ndege huyu ana urefu wa sentimita 15 hivi, hukaa ndani ya vichaka vizito vinavyoota kwenye udongo mwekundu, na wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1966 tu. Nje ya Arabuko-Sokoke anajulikana katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala akiwa amebanana na mwenzake kwenye tawi lisilozidi kimo cha mtu mzima sana, na mwongozaji hodari huweza kukufikisha hadi hatua chache kutoka hapo, mradi mko watatu au wanne na mnajua kunyamaza. Wanafunzi arobaini hawawezi kupelekwa pale bila kumfukuza ndege mwenyewe. Lakini kwenye ukuta mweupe wa ukumbi, kwa projekta na spika ndogo, wote arobaini humwona kwa rangi zake tatu, wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, na wakaisikia sauti yake nyembamba kama filimbi ikirudiarudia.

Mhadhara pia ndiyo nafasi ya kuyasema yale ambayo watu hawayasemi wakiwa wamepanga mstari nyuma ya mwongozaji. Kwetu bundi ni uchuro. Akilia juu ya paa, wapo watakaolala macho wakingoja habari mbaya. Nimemsikia mtoa mada mmoja akilijibu jambo hilo kwa heshima iliyonigusa. Mzee alipouliza kwa nini tulinde ndege wa msiba, yeye hakucheka wala hakuhubiri. Alimwuliza, “Baba, huyo aliyelia kwako alikuwa na sauti gani?” Mzee akaiga mkwaruzo mrefu wa kooni, na mtoa mada akaeleza kwamba huyo ni yule bundi mweupe wa magofuni, anayefuata panya wanaofuata mahindi yetu ghalani, na kwamba yule mdogo wa Sokoke hatoki kichakani mwake kuja kutafuta paa la mtu. Ukumbi mzima ulianza kulinganisha sauti. Mazungumzo ya namna ile sijayaona yakizuka msituni hata mara moja.

Kasoro ya mhadhara humtegemea anayetoa mada, na inaweza kuwa kubwa. Niliwahi kupeleka wanafunzi na wazazi wao kwenye mhadhara wa jioni ambao mtoa mada alizungumza Kiingereza kitupu kwa saa nzima, na picha zake nyingi zilikuwa za chui milia na dubu wa barafu. Mkulima mmoja aliposimama kuuliza kuhusu ndovu walioingia kwenye mihogo yake, aliambiwa kwamba swali hilo halimo katika mada ya siku hiyo. Alikaa chini, na nusu ya wazazi waliinuka wakaondoka naye. Tangu siku ile sikubali mhadhara kabla ya kuuliza mambo matatu: utatolewa kwa lugha gani, picha zitakuwa za viumbe wa wapi, na maswali yatapewa muda gani. Ikiwa jibu la swali la tatu ni dakika kumi, ninatafuta mtu mwingine. Watu wanaopakana na msitu wana madai ya haki kuhusu ndovu, nyani na kuni, na programu isiyo na nafasi ya madai hayo haiwezi kuwaomba wautunze msitu.

Matembezi ndani ya Arabuko-Sokoke

Huku ndiko ninakoelemea, na ninalisema waziwazi ili msomaji apime maneno yangu. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndicho kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake mna aina tatu za uoto ambazo mtoto wa darasa la sita anaweza kuzitofautisha kwa kutazama udongo tu: mchanga mweupe chini ya miti ya mirihi iliyoachana, udongo mwekundu chini ya vichaka vizito anamokaa bundi, na sehemu ya msitu mchanganyiko wenye miti ya aina nyingi upande wa mashariki. Somo zima la namna udongo unavyochagua miti, na miti inavyochagua wanyama, hufundishwa kwa kutembea.

Mnyama anayewateka watoto ni sange mwenye kiuno cha dhahabu. Uzito wake ni nusu kilo hivi, pua yake ndefu huchezacheza bila kukoma, miguu yake myembamba humfanya aonekane kama paa mdogo mno, na mgongoni mwisho, juu ya mkia, pana baka la manyoya ya rangi ya dhahabu. Watu humwita panya, na mwongozaji mzuri huanzia hapo: huyu hana undugu na panya, ukoo wake uko karibu zaidi na ndovu, nguva na pimbi. Wanafunzi hukataa kuamini, na ubishi huo ndio mwanzo wa somo.

Kabla ya kumwona mwenyewe, utaonyeshwa kiota chake. Ni rundo la majani makavu, mfano wa yale anayofagia mtu uani na kuyaacha bila kuyazoa, na mtu asiyejua atapita akikanyaga. Mwongozaji huchuchumaa na kuonyesha kwa kidole namna majani ya juu yalivyolaliana kuelekea upande mmoja, kisha husogea hatua kadhaa na kuonyesha rundo la pili, na la tatu. Sange mmoja huwa na viota kadhaa, ili anayemwinda asijue leo amelala wapi. Dume na jike hushirikiana eneo moja kwa muda mrefu, ingawa kila mmoja hutembea na kulala peke yake. Akishtuka hupiga mkia kwenye majani, pa, pa, pa, kisha hutoweka, na mara nyingi sauti hiyo ndiyo yote utakayoipata.

Hapo ndipo penye udhaifu wa matembezi, nao si mdogo. Mwaka mmoja niliingia na wanafunzi arobaini na wawili nyuma ya mwongozaji mmoja. Wanane wa mbele waliona sange akivuka njia. Waliobaki waliona migongo ya wenzao. Msichana mmoja aliyekuwa mwisho kabisa, ambaye alikuwa ameandika jina la mnyama huyo kwenye jalada la daftari lake, alirudi nyumbani bila kumwona, na kosa la mpango lilikuwa langu. Kikundi kinachofaa ni watu kumi kwa kila mwongozaji, na ikiwa fedha zinatosha kwa waongozaji wawili tu, basi waende ishirini na waliobaki wapangiwe siku nyingine.

Saa nayo ina uzito wake. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi msitu unasikika; ikifika saa tano, joto huwa limewanyamazisha ndege na watoto wameanza kuuliza kuhusu chakula. Basi linalotoka shuleni saa tatu limeshachelewa. Viatu vifunike vidole kwa sababu ya siafu, nguo ziwe za rangi zilizofifia, na darubini hata mbili zikipatikana zizungushwe kwa zamu. Ulizia mwongozaji aliyezaliwa vijiji vya kandokando ya msitu, kwa kuwa huyo hutaja kila mti kwa Kigiriama na Kiswahili pamoja na kazi yake nyumbani, na wanafunzi husikia majina waliyowahi kuyasikia kwa nyanya zao.

Nyumba ya vipepeo Gede

Ikiwa kikundi chako ni cha watoto wadogo, au cha akina mama wanaotaka kujua msitu utawasaidia nini mfukoni, nenda kwenye mradi wa Kipepeo ulio kwenye eneo la magofu ya Gede. Ulianzishwa mwaka 1993 kwa wazo rahisi: wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wafuge viwavi, wauze pupa, na pupa hao wasafirishwe hadi maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Hapa hakuna bahati nasibu ya kuona au kutoona. Mayai, viwavi, pupa na vipepeo wazima vyote viko mahali pamoja, na mtoto wa miaka sita anaweza kusimama mbele ya pupa waliopangwa wakining'inia kama hereni na kumtazama mmoja akipasuka, mbawa zikitoka zimekunjamana na kunyooka polepole.

Watu wazima hupata kitu kingine. Kila aina ya kiwavi ina mti wake. Yule wa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wenye michungwa na midimu wanamjua kama adui, hali mhogo wala mwembe. Mfugaji anahitaji mti sahihi na vipepeo wazazi kutoka msituni, kwa hiyo msitu ukikatwa na mradi umekwisha. Hoja hiyo inaeleweka bila hotuba. Upungufu wake ni kwamba ziara yenyewe ni fupi na watoto wakubwa huimaliza haraka, kwa hiyo iunganishwe na magofu, yaliyoandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ambako kima wanaoruka juu ya kuta za msikiti wa kale ni somo jingine lisilohitaji kutafutwa.

Mida au kituo cha kasa

Wengi hupima programu hizi mbili kwa kuwa zote ni za maji na zote ziko upande wa Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1968. Tofauti yake kubwa ni hii: hori la Mida hutawaliwa na maji kujaa na kupwa, na kituo cha kasa hutawaliwa na bahati ya wavuvi.

Mida ina daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Njiani mwanafunzi hujifunza kutofautisha mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, mchu uliochomoza mizizi yake matopeni kama penseli zilizosimama, mkandaa na mlilana. Vijana wengi wa pwani wanajua boriti kama bidhaa lakini hawajui ilitoka kwenye mti upi, na hapa husimama wakiugusa. Mapato ya daraja hilo yamekuwa yakichangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika jamii zinazopakana na hori na msitu. Wanafunzi wangu husikiliza kwa makini zaidi wakishaambiwa hivyo.

Ndege wahamiaji hujaa Mida kuanzia Agosti au Septemba hadi Aprili. Yupo mmoja mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayewaleta watazamaji kutoka mbali. Ukifika maji yamepwa kabisa, ndege hawa wako mbali sana wametawanyika kama nukta. Ukifika yamejaa, wameondoka. Fika maji yanapoanza kujaa, ili yawasukume kidogo kidogo kuja upande wako. Kwa hiyo tarehe ya safari ichaguliwe kwa mwezi: siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hori hukauka na kujaa kwa kishindo, wakati siku za maji mafu mabadiliko ni madogo na ndege hawasogei sana. Mvuvi yeyote wa mtaani atakupangia saa bila kuangalia jedwali. Uzuri mwingine wa Mida ni kwamba wazee huweza kutembea pale, ingawa daraja hutikisika na wenye kizunguzungu wasilazimishwe.

Kituo cha kasa kilichopo Watamu hufanya kazi na wavuvi tangu miaka ya tisini mwishoni. Mvuvi akimkuta kasa amenasa wavuni, huita. Kasa hupimwa, hutiwa alama na kurudishwa baharini, na walioumia hutibiwa kituoni hadi wapone. Ukibahatika kuwapo siku ya kumrudisha kasa aliyepona, hakuna mhadhara wala matembezi yatakayofikia uzito wa dakika zile, watu sita wakimbeba kwenye turubai hadi majini, naye akianza kupiga makasia hewani kabla hata hajagusa wimbi. Usipobahatika, utapata maelezo mazuri na kuona matangi. Maelezo hayo si haba: kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua yai litatoa dume au jike, na kwamba mayai hukaa mchangani kwa takribani miezi miwili. Lakini mwalimu asiwaahidi watoto kwamba wataona kasa akiachiliwa. Awaambie wataona mahali anapotibiwa, na likitokea jingine liwe zawadi.

Kwa vikundi vya wavuvi na familia zao ningechagua kasa bila kusita, kwa sababu wavuvi wenzao ndio wenye habari na ndio wanaozieleza. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma baiolojia ningechagua Mida, ambako kila hatua ina swali la mtihani limesimama wazi.

Programu ya siku moja au klabu ya mwaka mzima

Hadi hapa nimelinganisha ziara za siku moja. Shule nyingi zina njia ya pili, nayo ni klabu. Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianzishwa mwaka 1968, na Dar es Salaam mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianza na wanafunzi 12 mpango wa vijana wa mazingira uitwao Roots & Shoots, uliosambaa nchi nyingi. Gharama ya klabu kwa fedha ni ndogo. Gharama yake ya kweli ni mwalimu mmoja atakayetoa alasiri yake kila wiki kwa miaka. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, yaliyoanza mwaka 1971 chini ya chama cha historia asilia kilichoundwa mwaka 1909, na yamedumu kwa sababu siku na saa havibadiliki. Klabu inayokutana “wakati nafasi inapopatikana” hufa kabla ya muhula wa pili.

Faida ya kurudi mahali palepale inaonekana vizuri katika habari ya mnana wa Clarke, ndege mweusi na manjano anayepatikana kaunti ya Kilifi peke yake. Kwa miaka mingi alionekana Arabuko-Sokoke akila katika mirihi, lakini hakuna aliyejua anazalia wapi. Viota vyake vilipatikana mwaka 2013 katika bwawa la msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa msitu, na waliohusika ni watu wa kikundi cha uhifadhi cha hukohuko, waliokuwa wakipita maeneo yao mara kwa mara wakiwa na daftari. Ziara ya siku moja isingeweza kulipata jambo hilo. Huwasimulia wanafunzi wangu habari hii kila Januari, kabla sijawapa daftari za klabu, na huwaonyesha Dakatcha kwenye ramani ili waone jinsi ilivyo karibu.

Pamoja na hayo, simshauri mtu aanze na klabu ikiwa watoto hawajawahi kuingia msituni. Klabu zangu mbili za kwanza zilianza kwa mabango na nyimbo darasani, na zote mbili zilipukutika. Ya tatu ilianza kwa asubuhi moja ya Arabuko-Sokoke, watoto ishirini na waongozaji wawili, na kumi na saba kati yao walikuwa bado wanachama mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu mwenye basi moja na muhula mmoja, mimi ningepanga hivi: Februari, kabla ya masika, watoto ishirini waende msituni alfajiri na wapitie Gede wakati wa kurudi. Mvua ikianza, aitwe mtoa mada mmoja mwenye picha za hapa na Kiswahili fasaha, na wazazi waalikwe jioni pamoja na malalamiko yao ya ndovu. Mida iwekwe Oktoba, siku ya bamvua, na saa ya kuondoka aulizwe mvuvi. Wale ishirini wa Februari wakae nyuma siku hiyo na darubini, wawaelekeze wenzao ambao hawajawahi kwenda popote.